Mke wa Fundi Peke Yake

Tangu asubuhi seva ya barua pepe ilikuwa ikiwakataa wafanyakazi wote sitini. Neno la siri si sahihi, iliwajibu, hata waliolibadilisha mara tatu. Aliyefunguliwa alikuwa mmoja tu: mke wa fundi mkuu wa kompyuta.

"Raha ya kuolewa na fundi hiyo!" mchora ramani akamtania. Mke akacheka mpaka akashika meza.

Fundi mkuu aliwaona kupitia kioo, na wivu ukampanda. Huyo mchora ramani, na mashati yake ya pasi kali, alikuwa amemkosesha usingizi mwezi mzima. Mke naye alikwisha kumwambia waziwazi: "Ukinipekua simu tena, nafungasha virago." Tangu siku hiyo hakuigusa simu yake, na alijisifu kwa hilo.

Meneja alikuwa amejikalia kwenye kiti cha fundi, miguu chini ya meza. "Sitoki hapa mpaka barua zirudi."

"Bosi, si ukapumzike ofisini kwako? Nitakuita."

"Nimeshasema."

Mke akachungulia mlangoni. "Baba watoto, nimekuandikia tangu saa tatu. Mbona hujibu?"

"Sijapata kitu."

"Kwangu inaonyesha imekwenda."

"Muulize rafiki yako. Labda kaipata yeye."

Mke akasonya, lakini hakuondoka.

Msaidizi wa fundi, dada asiye na maneno mengi, akainua kichwa. "Kaka, kuna mashine mbili zinaitikia jina la seva yetu. Moja ni hii ya kabatini. Ya pili imewekwa jana jioni. Watu wanabisha hodi huko, haiwajui, inawafukuza."

"Basi ni mchora ramani. Yule hana asichokichokonoa."

"Tufuate waya, tutajua."

"Hapana, tuzime umeme kwanza."

Lakini dada alikuwa ameshaushika waya. Ulitoka kabatini, ukaambaa ukutani, ukaingia chini ya meza ya fundi mkuu.

"Bosi, samahani, sogeza miguu."

Nyuma ya kapu la taka kulikuwa na mashine ndogo, taa yake inawaka. Dada akaiunganisha na skrini. Wote wakainama kusoma, mke akiwa mbele yao.

Ndani mlikuwa na akaunti moja tu, ya mke. Na barua moja iliyonaswa humo: "Mume wangu, leo tutoke kazini mapema, mimi na wewe tu."