Mahali pa Gari la Benki

Mwaka huu benki kubwa ya Cincinnati, Marekani, haikuleta gari lake la muziki kwenye maandamano ya fahari ya mashoga. Ilisema bajeti imebana. Watu walijua imeogopa wanaopinga mashoga.

Wendell, mzee aliyeandamana tangu enzi za kurushiwa chupa, alifurahi. Siku zote aliwaambia vijana kuwa benki inawapenda ili iwauzie kadi za mkopo. Alisimama nyuma ya kizuizi cha chuma, tayari kucheka.

Ndipo akamwona mama mmoja akitembea peke yake mahali pa lile gari. Alivaa fulana ya benki ya mwaka jana, yenye upinde wa mvua kifuani. Jasho lilikuwa limeigandisha mgongoni.

"Wenzako wako wapi, mama?" Wendell alimpigia kelele. "Bosi kawafungia?"

"Wanaogopa kufukuzwa, mzee." Mama alisimama. "Mwanangu aliniambia kuwa ni shoga siku alipoona benki yangu inapita hapa. Aliona kama mabosi wangu wamekubali, nami nitakubali."

"Na leo yuko wapi?"

"Kajifungia chumbani. Anadhani nami nimebadilika kama wao."

Wendell aliinua mguu wake mgonjwa, akakivuka kile kizuizi huku akiguna, akamshika mama mkono.

"Ana televisheni huko chumbani?"

"Anayo."

"Basi tusogee katikati ya barabara. Kamera ziko mbele pale."