Ramli ya Mti

Nicolas aliipiga meza kwa kiganja, penseli zikaruka, moja ikabingirika hadi sakafuni. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Muti hauna mizizi, eti mutoto hana amani ku nyumba!" alifoka. "Muti uko na tundu, eti iko muntu anamuumiza! Nani alipimaka hii maneno, Mama Gertrude? Nani?"

Gertrude, mshauri wa wanafunzi katika shule ile ya msingi ya Panda, aliukodolea macho mti uliochorwa na Merdi, msichana wa darasa la nne. Kwa sababu ya mchoro huo alikuwa ameandika ripoti: mtoto atolewe nyumbani, apelekwe kwa bibi yake huko Kapolowe. Ilisubiri sahihi ya mkuu wa shule tu, iende kwa hakimu wa watoto.

"Tulifundishwa vile ku chuo," alisema.

"Hata minye niko nafundisha ku chuo!"

Na kweli alifundisha saikolojia, na kama kulikuwa na kitu kilichomchemsha damu, ni ramli iliyovishwa koti jeupe. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi wake: ziko nadharia zilizopimwa, zikapimwa tena na watu wasiofahamiana, zikasimama; na ziko zinazoishi kwa jina la aliyezitunga. Wape wataalamu wawili mti mmoja. Huyu ataona huzuni, yule ataona mtoto aliyechoka kuchora. Na kwa ushahidi wa namna hiyo watu walitaka kubomoa nyumba ya mtu!

"Akichora mizizi, utasema anaficha woga," aliendelea. "Asipochora, utasema ana woga. Sasa achore nini ndio useme haogope? Kitu chenye hakiwezi kukosea, hakiko sayansi."

Gertrude aliusukuma mchoro kando. "Anavalaka pull-over hata ku jua kali," alisema kwa sauti ndogo. "Na ukimugusa bega, anashituka."

"Pull-over nayo imekuwa nadharia?"

Mkuu wa shule, Blaise, aliponyokwa na kicheko, kisha akajifuta uso. "Mama, mutoto alikuambia kitu?"

"Hapana. Ananyamaza tu."

"Kunyamaza si ushahidi," alisema Nicolas.

Blaise aliichukua ripoti, akaichana vipande viwili. "Utusamehe, Profesa. Ni kweli, hii haiko sayansi."

Machozi ya hasira yalimlenga Gertrude. Nicolas alikunja koti lake juu ya mkono. Mishipa ya shingo ilikuwa bado imemsimama. Alikuwa amesema kweli, neno kwa neno, na kila mtu chumbani alijua.

Alitoka nje hadi barazani. Merdi alikuwa ameketi kwenye benchi. Alisimama kabla ya kuitwa. Nicolas alimshika ukosi, huku akiwatabasamia walimu waliokuwa wakipita.

"Twende kwetu, mwana yangu," alimnong'oneza. "Utaniambia minye baba yako kitu gani ulimuambia ule mama."

Mtoto hakulia. Mkojo ulimshuka miguuni, ukaingia viatuni.