Mpishi wa Semina

"Niachie mkono," Nelfa alisema, "kabla sijakumwagia supu hii usoni."

Ludivina alimwachia. Alikuwa ameshaona alichotaka kuona. Katika joto la Aprili, mbwa wote wa mtaa wakiwa wamelala chali uvunguni mwa mabenchi, mpishi huyu alivaa blauzi ya mikono mirefu, na ndani ya mkono mmoja kulikuwa na alama za vidole, nyeusi zikianza kuwa manjano.

"Nani kakufanya hivi, dada?"

"Sufuria."

"Sufuria haina vidole."

"Na wewe huna adabu. Umekuja kufundisha, kafundishe! Tambi zikiungua utazila wewe?"

Ludivina hakuwa mtu wa kufukuzika jikoni kirahisi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka visiwa vya Ufilipino akiwafundisha makocha na viongozi wa vijana jinsi ya kumtambua mtu anayepigwa nyumbani kwake, na la kufanya wakishamtambua. Alilisifu jicho lake mwenyewe, na si kwa sauti ya chini. Waliomkera ni wanafunzi. Hawa wa kisiwa cha Guimaras walimchukia tangu salamu ya asubuhi. Kapteni wa barangay, mkuu wa mtaa wao, ndiye aliyewalazimisha kuja, nao walikuwa wakimngoja Nelfa na masinia yake tu.

"Madam, huku kwetu mume na mke wakianza kupigana, jirani anaongeza sauti ya karaoke," mmoja wao alisema. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Chekeni. Siku ya mazishi mtaimba na hiyo karaoke yenu."

Wakanuna. Sikio la kufa, Ludivina aliwaza, na kwa kweli yeye pia aliwachukia.

Aliyesikiliza alikuwa mmoja tu: Jonrel, mtoto wa yule mpishi, kijana wa miaka ishirini mwenye sauti ya taratibu, anayewafundisha watoto wa mtaa mpira wa kikapu. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake wafunge midomo. Na Ludivina alipouliza dalili za mwanamke anayeteswa, wengine wakitazama feni, Jonrel alizitaja bila kubabaika. Anaficha mwili. Akiulizwa kitu, anatazama kwanza uso wa mtu fulani ndipo ajibu. Rafiki zake wameacha kuja. Akipigwa, anasema kaanguka.

"Umezijulia wapi zote hizo?"

"Nyumbani, Madam," Jonrel alisema, akainamisha kichwa.

Moyo ulimuuma Ludivina. Aliwageukia wengine kwa hasira mpya. "Mmemsikia mwenzenu? Mpigaji hashuki kutoka mawinguni. Anakula meza moja na huyo anayempiga, na nje kila mtu anamsifu!"

Nelfa alikuwa akipita na sinia. Bakuli likamponyoka, likapasukia sakafuni. Jonrel aliinuka upesi, akaokota vipande kimoja kimoja, akamwambia mama yake akapumzike, kachoka. Nelfa akaenda kupumzika.

Baada ya chakula Ludivina alimfuata jikoni tena, na safari hii aliufunga mlango.

"Ni mumeo, sivyo?"

Nelfa alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Ruperto? Mkono wa Ruperto haufiki hapa."

"Wote mnasema hivyo. Mnawatetea mpaka mnaingia kaburini."

"Hujui kitu, mwanamke wewe. Unapiga domo tu."

"Basi nisikilize. Gari langu liko hapo nje. Mjini kuna nyumba ya kuwahifadhi wanawake, hata kapteni wenu haijui ilipo. Huna haja ya kunieleza lolote. Panda tu, twende sasa hivi."

Nelfa aliacha kusugua sufuria. Alilitazama gari kupitia dirishani. Akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kuzifungua kamba zake, na midomo yake ikafunguka kutaka kusema.

Mlango ukagongwa. Jonrel akachungulia, kofia mbili za pikipiki mkononi.

"Mama, twende?"

Nelfa akaifunga tena aproni, kisha akakumbuka kazi imekwisha, akaivua. "Mwambie huyu mchawi wako aniache," alisema, akatoka bila kuaga.

Ludivina alimshika kijana bega pale uani. "Sikia, mwanangu. Leo mama yako yuko hatarini kuliko jana. Mpigaji akihisi siri yake imejulikana, anakuwa mbaya zaidi. Usimwache peke yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa sana, Madam. Sitamwacha hata dakika moja."

"Na asiseme na mtu yeyote usiyemwamini."

"Hatasema. Ukimhitaji, nipigie mimi."

Nelfa alipanda nyuma ya mwanawe. Pikipiki ilipoondoka aligeuka akamkazia Ludivina macho ya chuki hasa. Ludivina hakujali, maana wengi huwa hivyo mwanzoni, na wengine huja kumshukuru baadaye. Damu ikimchemka, alikwenda moja kwa moja getini, ambako mzee Isko, mgambo wa zamu, alikuwa akila embe bichi kwa chumvi.

"Inuka, mzee. Nipeleke kwa Ruperto, mume wa mpishi. Namtaka mbele ya kapteni kabla jua halijazama, na leo atalala ndani!"

Mzee Isko aliacha kutafuna.

"Utamfunga na meli yake, Madam? Ruperto ni baharia, tangu mwaka juzi hajakanyaga kisiwa hiki. Pale nyumbani wanaishi wawili tu, Nelfa na Jonrel."