Gari la Tatu

Kampuni inayoshinda mbio za magari za Jumapili, magari yake ndiyo yanayowaka wiki nzima. Mengine yote hujizima. Ndiyo sheria ya hapa Karolina, na sisi tulidhani tumeipatia dawa. Mume wangu Kombo alinunua Falko, jirani yetu Bi Tunu akanunua Meridi, tukapeana funguo za akiba. Kampuni hizo mbili zilikuwa zikipokezana ushindi, kwa hiyo hatukuwahi kukosa usafiri.

Jumapili hiyo uchungu wa kuzaa ulinianza mbio zikikaribia kuisha.

"Twende sasa hivi," nikamwambia Kombo.

"Vumilia kidogo, mke wangu. Tukizimikiwa njiani je? Tujue kwanza tunapanda lipi."

Kwenye runinga, Falko na Meridi yalikuwa bega kwa bega. Dereva wa Falko akamgonga mwenzake makusudi, Meridi likajibamiza ukutani. Kombo akaruka kushangilia, mpumbavu yule, na hakuacha hata Falko lenyewe lilipoanza kuserereka. Ndipo gari la kijivu lilipopenya katikati ya moshi na kumaliza la kwanza. Lilikuwa Osaji. Mtaani kwetu hakuna mwenye Osaji.

Nje, magari yakaanza kujifunga milango, moja baada ya jingine.

Nikapiga simu hospitali.

"Pole sana, dada," akasema muuguzi. "Magari yetu ya wagonjwa yote ni Meridi. Moja limezimika darajani sasa hivi, na kuna mama anajifungua humo ndani. Milango haifunguki."