Mgomba wa Mwisho

"Kata hiyo migomba, Bi Sikudhani! Waziri anakuja kesho kuona parachichi, si ndizi!"

"Hizo parachichi zako za kuuza ng'ambo, Mshamu, umeshaonja hata moja?"

Watu wakajaa uani, maana ugomvi wa hawa wawili haukosi utamu. Mtaa mzima ulikuwa umekata migomba kwa mpango wa serikali, na miche ya parachichi ilikuwa bado haijamfikia mtu magotini. Migomba ilibaki kwa Bi Sikudhani tu.

"Hukati? Basi nakata mimi."

Na Mshamu, mwenyekiti wa mtaa, akakata kweli. Mgomba ulianguka matopeni na mkungu wake mchanga. Utomvu ukalirukia shati jeupe aliloshonesha kwa ajili ya waziri. Akalisugua, doa likazidi kutambaa.

Bi Sikudhani akatema mate, akamtazama kama nzi aliyetua kwenye uji.

Ndani watoto walicheka, vijiko vikagonga sahani. Mshamu akageuka. Sauti zile alizijua.

"Ndiyo, ni wanao. Unadhani wanashindia nini?" Bi Sikudhani akasogeza pazia la mlango. "Panga liache huko nje. Nawa mikono, uingie ule."