Misumari Minane

Rangi ya waridi ilikuwa bado mbichi ukutani, na Mama alikuwa ameshatundika pazia jipya. Sasa Mzee Kombo, seremala, alikuwa akiunganisha vitanda vya mabinti wawili, ili Tatu, aliye mdogo, asianguke tena katikati yake kifafa kinapomshika.

"Mama, chuo kinafunguliwa Jumatatu," alisema Siwema, dada yake. "Nikienda, Tatu si atalala na wewe?"

"Mimi nikilala nimekufa. Wewe ndiye unayemsikia."

"Skrubu au misumari?" aliuliza seremala. "Skrubu mtaweza kuzifungua baadaye."

"Skrubu," Siwema alidakia.

"Misumari," alisema Mama. "Afungue nani?"

Tatu alipiga makofi mlangoni. "Dada, chumba kama cha bi harusi!"

Mzee Kombo alipigilia misumari minane, kisha akaupangusa uso.

"Hebu lala, mwanangu, nione kama mbao inacheza."

Siwema alilala juu ya chaga tupu bila kuvua viatu. Tatu akaja kujilaza karibu naye, akamwekea kichwa begani.

"Haichezi," alisema mzee.

Miguu ya Siwema ilining'inia nje ya kitanda, upande wa mlango.