Picha za Mazoezi

Siku hizi bastola ya mtu aliyekosa mazoezi hujifunga yenyewe, na nyumba isiyo na bastola inayofanya kazi hairuhusiwi kukaliwa. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi na mume wangu huenda kulenga shabaha, kwa zamu. Zamani tulipiga vivuli vyeusi. Sasa ukuta wa shabaha unatuonyesha picha za watu wanaoingia nyumbani kwetu.

"Anayekudhuru mara nyingi unamjua, Mama Tumu," mwalimu aliniambia. "Mkono usisite."

Leo nilimpiga dada yangu, muuza maziwa, na mume wangu mara mbili. Niliporudi nilimkuta jikoni akichoma vitumbua.

"Umepata ngapi?"

"Tisini na sita."

"Nani kakushinda kumpiga?"

"Tumu. Nilichelewa kidogo."

"Hata mimi mwanzoni nilichelewa," alisema, akanimiminia chai. "Utazoea."

Tumu, binti yetu, alitimiza miaka kumi na minane juzi, na Jumatatu anaanza mazoezi. Alitutokea pale pale jikoni.

"Mama, wanataka nipeleke picha zenu. Uso uonekane wote."

Nilinawa mikono, nikatoa albamu kabatini. Ya baba yake niliipata upesi. Yangu nilihangaika nayo, maana nyingi nimenuna. Mwishowe nikampa ile ya Idi, nimepaka wanja, nacheka.

"Hapa umetoka vizuri," alisema. "Ila mwalimu anasema wanaocheka ndio wagumu kuwapiga."

"Basi anza na hiyo," nikamwambia.